Wino wa Maalim Kamaludin

“Liwa hii ungeiosha nyumbani kabla ya kuja,” Kitsao alisema, huku akimpangusa yule mwanamke shavu kwa pamba iliyolowa maji ya chumvi. “Nikikwangua liwa nikaitia kwenye hadubini, nitaona gogo la msandali, nikuandikie una ugonjwa wa miti.”

Mwanamke alicheka kwa adabu tu, kwa maana mzaha wenyewe haukuwa wa maana. Jina lake Mwanabaraka, mshoni wa kofia kutoka Mji wa Kale, miaka thelathini kasoro. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliopita kwa kile ambacho ndugu zake walikiita homa ya mapafu, na Kitsao hakuhitaji kuambiwa ni homa gani. Sasa mjane naye alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imemtoka, na kuanzia kipajini hadi kidevuni alikuwa na vipele vidogo vya kung'aa, kila kimoja kimebonyea katikati.

“Itauma?”

“Kidogo. Usifumbe macho namna hiyo, ngozi inakunjamana.”

Alimkwangua kipele kimoja kwa ncha ya wembe, pole pole, akaushusha ule unga mweupe juu ya kioo. Kwenye fomu Daktari Caroline alikuwa ameandika kwa haraka, “Vipele vya virusi,” na mbele yake alama ya kuuliza. Si kwamba daktari alikuwa mvivu. Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza kazini, mwenye wagonjwa sitini wodini na wengine wawili wawili chini ya vitanda, na alama ya kuuliza ndiyo sadaka pekee aliyobakiwa nayo.

Ile alama ndiyo iliyomkamata Kitsao. Miaka ishirini na sita alikuwa ameketi kwenye kigoda kile kile katika maabara ya hospitali, akivuka kivuko kutoka Likoni kila alfajiri na chakula chake kwenye kopo, akisoma choo, mikojo na damu za malaria za watu wa Mombasa nzima. Mkewe, Kadzo, alikuwa Kaloleni na mihogo yake, watoto wameshaoa. Hakuna mtu katika miaka hiyo yote aliyewahi kumuuliza yeye anafikiri nini. Walimletea vichupa, akawarudishia karatasi.

Lakini Kitsao alikuwa akifikiri. Kabatini mlikuwa na kitabu kimoja cha zamani kilicholiwa na mende, na ukurasa mmoja aliusoma hata akawa anaujua kwa moyo. Ulikuwa na picha ya mtu mwenye vipele kama hivi. Chini yake maelezo yalisema huu si ugonjwa wa ngozi. Ni kuvu anayeishi kwenye vumbi na mavi ya njiwa, mtu humvuta kwa pumzi, na mwili ukiwa na kinga hauna habari naye. Kinga ikiondoka, huinuka. Mara chache sana hujionyesha usoni kabla ya kupanda kichwani, na mtu akiwahiwa wakati huo, akapata dawa, hupona. Asipowahiwa, kichwa humuuma wiki mbili au tatu, basi.

“Mumeo alikuwa akiumwa na kichwa?” aliuliza.

Mwanabaraka alimtazama kwa mara ya kwanza. “Alikuwa akilia kwa kichwa,” alisema. “Mwanamume mzima.”

Kitsao aliweka wembe chini. Kuvu huyo ana koti angavu mithili ya maji, na ndani ya maji huwezi kuliona. Lazima umzamishe katika wino mweusi, wino wa masizi, ndipo koti lake lijitokeze kama duara jeupe. Na kichupa cha wino cha maabara kilikuwa kimekauka tangu Juni. Bohari waliandikiwa mara tatu, wakajibu mara tatu kwa neno moja, hakuna.

“Sina wino,” alisema, akajichukia kwa jinsi neno lilivyosikika dogo.

“Wino gani?”

“Mweusi. Wa masizi, usio na chembe. Si huu wa kalamu.”

“Babangu huutengeneza,” Mwanabaraka alisema. “Maalim Kamaludin, Ndia Kuu. Uliza yeyote.”

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino, na hakuna aliyeishi Mombasa wakati huo atakayesahau. Viatu viliota ukungu chini ya vitanda. Mkate ukiuacha usiku mmoja, asubuhi una ndevu. Kitsao aliingia Ndia Kuu saa kumi jioni, suruali imekunjwa hadi magotini, akapiga hodi.

“Masalkheri, Maalim.”

“Masalkheri. Karibu, karibu ndani, usisimame mvuani. U hali gani?”

“Njema, Maalim. Na nyinyi hapa?”

“Alhamdulillahi. Twashukuru kwa yote.”

Maalim alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole vyeusi kwenye ncha. Alikuwa akinakili vyuo, vitabu vya dini, kwa mkono, kazi ambayo watu waliisifu sana na kuiagiza kidogo. Masizi aliyakusanya kwa sahani iliyofunikwa juu ya kibatari, akayasaga siku mbili, akayachanganya na gundi ya mgunga. Alimwonyesha Kitsao mstari mmoja kwenye karatasi na Kitsao, ambaye hakujua kusoma hati ile ya Kiarabu, aliona tu kwamba ulikuwa mweusi kama alivyotaka.

“Ni kwa ajili yake?” Maalim aliuliza, akiashiria kwa kidevu upande wa ndani, ambako mashine ya kushonea ilikuwa imenyamaza.

“Ni kwa ajili yake.”

“Basi kesho baada ya Alasiri ukipitia utaukuta. Nitakutengea wake peke yake.”

Maneno hayo Kitsao aliyasikia vizuri, akashukuru, akaaga.

Sasa, Kitsao alikuwa na sharti. Mwalimu wake wa kwanza, mzee Mhindi mkali kama pilipili, alimfundisha kwamba kabla hujamshuku mgonjwa, ushuku wino wako. Tone moja la wino mtupu kwenye kioo kitupu, litazamwe kwanza. Likiwa safi, ndipo umtie mgonjwa. Kitsao alikuwa ameliandika sharti hilo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, WINO KWANZA, akalibandika ukutani juu ya hadubini, na vijana wa maabara walimcheka kwa hilo.

Jumatano ile hakulifuata. Kichupa kilikuwa mkononi mwake, kimefungwa kwa kitambaa cheupe na kufundikwa fundo dogo la heshima. Mwanabaraka alikuwa amesharudi, amekwanguliwa tena, anangoja benchini nje na mtandio wake usoni. Kitsao alipofungua kile kitambaa, ikamjia haya. Kuupima wino wa Maalim aliyekesha kuusaga kwa ajili ya mwanawe kulikuwa kama kunusa chakula mbele ya aliyekupikia. Unanusaje? Ukiletewa sahani kwa watu, unasema bismillahi unakula. Basi akachukua tone, akalitia juu ya ule unga wa ngozi, akafunika, akainamia hadubini.

Wakawemo. Katika weusi ule, chembe za mviringo, mbili hapa, tano kule, moja ikichipuza mtoto ubavuni, na kila moja imezungukwa na duara jeupe.

Maduara yalikuwa membamba. Aliliona hilo, tusimtetee. Kitabu kilichora duara nene, na haya yalikuwa kama ukucha uliokatwa. Alijiambia mgonjwa amedhoofika, huenda na kuvu wake naye kadhoofika. Mtu akitaka kitu kwa miaka ishirini na sita hawezi kukosa sababu.

Na alifurahi. Hilo nalo lazima lisemwe. Aliinuka kigodani, akasahau kabisa kwamba alichokiona, kikiwa kweli, ni mauti ya mtu aliyeketi hatua kumi kutoka pale.

Daktari Caroline alikuja mbio. Alitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

“Mzee Kitsao, umewahi kuona hiki?”

“Kitabuni tu, daktari.”

“Mimi pia.” Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya vijana wote wa maabara, na vijana hawakucheka.

Kulikuwa na kikasha kimoja. Daktari mgeni aliyepita Julai alikiacha, vidonge kumi na vinne vya dawa ya kuvu huyo, dawa ambayo hospitali haikuwa nayo na haikutazamiwa kuwa nayo. Caroline alikifungia kwenye kabati la sista na kuapa hakitatolewa kwa kubahatisha. Atapewa yule tu ambaye hadubini itamthibitisha. Wagonjwa wawili walikuwa wamekufa Septemba na Oktoba wakilia kwa vichwa, kikasha kikiwa kabatini, kwa sababu hapakuwa na wino wa kuthibitisha. Jumatano hiyo kabati lilifunguliwa, na Mwanabaraka akaenda nacho nyumbani, kidonge kimoja kwa siku.

Usiku Kitsao alimweleza jirani yake pale Likoni kwamba siku hiyo alikuwa ameokoa mtu. Hakuwa mtu wa majisifu. Alisema mara moja tu, akaingia kulala.

Jumamosi asubuhi waliletwa kijana na mamake. Kijana aliitwa Chonga, hamali wa pale Feri, miaka ishirini na minne, mabega mapana ambayo nyama zake zilikuwa zimeshaondoka. Alishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kitu kisimwagike. Shingo haikukunjika. Mamake, Mbodze, alikuwa amekuja kutoka Kinango, leso yake imelowa hadi kiunoni, na alimwamkia kila aliyepita na koti jeupe.

Caroline alimtoa Chonga maji ya uti wa mgongo, na kichupa kikafika kwa Kitsao kingali na joto. Akaweka tone, akaweka wino wa Maalim, akafunika.

Alichokiona hakikuhitaji kitabu. Ndani ya wino zilijaa chembe kubwa, na kila moja imekaa katikati ya duara jeupe, nene, pana, safi, kama taa za karabai zinavyoonekana mbali usiku wa giza. Duara moja lilikuwa pana kuliko chembe yenyewe mara tatu. Hivyo ndivyo alivyo huyu kuvu. Na baina ya zile kubwa, huku na huku, kulikuwa na vidogo vyenye maduara membamba kama kucha.

Vile vidogo alikuwa anavijua.

Akaketi. Kisha akachukua kioo kipya, akakipangusa, akakipangusa tena, akatia tone la wino mtupu. Akafunika. Juu ya kichwa chake karatasi ilikuwa bado imebandikwa, gundi imelegea kwa unyevu, kona moja inaning'inia.

Akainama. Wamo. Wanachipuza ndani ya wino mtupu, wametulia, wameshiba, mgonjwa hayupo.

Vipande vya ngozi ya Mwanabaraka alikuwa amevihifadhi. Aliviloweka kwenye potashi, inayolainisha ngozi ili kuvu aonekane bila wino, akatazama, akatafuta kona hadi kona, vioo vitatu. Hakuona kuvu yeyote. Aliona ngozi.

Alimkuta Caroline ukumbini.

“Daktari, Jumatano niliandika uongo.”

Akamweleza, bila kupunguza. Caroline aliegemea ukuta. Alikuwa hajalala, mtu angeweza kuliona hilo kwa namna alivyofumba macho na kuchelewa kuyafumbua.

“Kwa hivyo yule dada ana nini?”

“Sijui. Labda ni vile ulivyoandika wewe mwanzoni.”

“Mimi niliweka alama ya kuuliza, Mzee.”

Nyuma ya mlango sauti ya Chonga ilisikika, si kilio, mguno tu unaokwenda na kurudi.

“Vimebaki vidonge kumi, akiwa amemeza nilivyomwambia,” Caroline alisema. “Kumi havimtoshi Chonga. Alitakiwa apewe dozi kubwa, na kwa miezi. Lakini bila hivyo sidhani kama atafika Jumatatu. Na yule dada, mimi siwezi kumwendea nikamwambia—”

“Nitakwenda mimi,” Kitsao alisema. “Mimi ndiye niliyempa.”

Safari hii alibisha hodi akatamani asijibiwe. Alikaribishwa kwa furaha iliyomkata maini. Maalim alimkalisha kwenye zulia, akamtilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Mwanabaraka alikuwa dirishani na kofia magotini, sindano inakwenda. Siku nyingi alikuwa hajashona, Maalim alisema, na tangu Jumatano ameshamaliza upande mmoja.

“Vimeanza kunywea,” Mwanabaraka alisema, akigeuza shavu kwenye mwanga. “Hiki hapa na hiki. Au naona kwa sababu nataka kuona?”

Kitsao alitazama. Havikuwa vimenywea.

“Ngoja nikupe siri, Bwana Kitsao,” Maalim alisema, ameshusha sauti na uso unamng'aa. “Nilimwandikia kombe siku ile ya Jumapili. Aya sahanini kwa zafarani yangu nzuri, zikaoshwa kwa marashi ya waridi. Akanywa, lakini kinywa kina vidonda, hakuweza kumaliza. Sasa maji ya kombe hayamwagwi ovyo, yana maneno ya Mungu. Nikayatia chupani nikayaweka. Nawe ukaja kutaka wino. Nikasema, subhanallah, hii ndiyo njia yake. Badala ya maji ya kisima, nikauchanganya wino wake kwa yale maji ya kombe, na asali kijiko, upate kutiririka. Ndiyo maana ukamuona mdudu. Wino ule haukuwa mtupu.”

Kitsao akakiweka chini kikombe cha kahawa. Marashi na asali na gundi, siku tatu chupani katika mvua ile. Maalim angekuwa anataka kuwalisha kuvu asingewapikia vizuri zaidi. Na mzee alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyechangia, mtu ambaye mwanawe anakufa mbele yake na hatimaye amepata kitu cha kufanya.

“Maalim,” alisema. “Nimekosea.”

Sindano ya dirishani ikasimama.

“Nilichokiona Jumatano hakikuwa cha Mwanabaraka. Leo nimeangalia upya. Hana kuvu yule. Kuna kijana wodini ambaye anaye kwelikweli, amefika kichwani, na vidonge ni vile vile tulivyompa Mwanabaraka. Hakuna vingine. Nimekuja kuvichukua.”

Chini barabarani mwanamke mmoja alipita akimgombeza mtoto kwa kukanyaga maji.

“Na mimi?” Mwanabaraka aliuliza. “Mimi nina nini?”

“Sijui, mwanangu.”

“Jumatano ulijua.”

“Jumatano nilidhani najua.”

“Siku tatu nimelala, Mzee Kitsao. Nataka ulijue hilo. Tangu afe mume wangu sijalala, najitazama uso nasema yeo kimetoka hiki, kesho kitatoka kile. Wewe ukaja ukakipa jina. Ukanipa na dawa yake. Siku tatu nimelala kama mtoto.” Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. “Sasa wanirudisha nilikokuwa.”

Kitsao alitamani kumwambia kwamba huenda vipele vile si kitu, huenda vitaondoka. Lakini alishamwambia mambo mengi bila kuhakikisha, na ugonjwa wenyewe, ule mkubwa, wote watatu walikuwa wakiujua na hakuna aliyeutaja. Akainamisha kichwa.

“Wino,” Maalim alisema, taratibu. “Wino ulikuwa na kasoro?”

Hapo ndipo Kitsao alipopata nafasi yake ya kusema kweli. Ilikuwa mbele yake, neno moja tu. Alikitazama kidole cha Maalim, ncha nyeusi, ikikunja na kukunjua pindo la kanzu.

“Wino ulikuwa mzuri, Maalim. Macho yangu ndiyo yamezeeka.”

Mzee alimtazama, na akaendelea kumtazama. Kama aliamini au hakuamini, Kitsao hakuja kujua kamwe. Mwanabaraka aliinuka, akaingia chumbani, akakaa huko kwa muda ambao ulionekana mrefu sana. Alipotoka alikuwa na kikasha, amekifunga kwa kitambaa cheupe, kile kile kilichofungia wino.

“Vimo kumi na kimoja,” alisema. “Cha yeo sijameza. Nilikuwa nangoja nile kwanza.”

Akakiweka kwenye zulia, si mkononi mwa Kitsao, akarudi dirishani. Hakuishika kofia tena.

Kitsao alipotaka kuinuka, Maalim alimzuia kwa kiganja. “Huyo kijana aitwa nani?”

“Chonga.”

“Na mamake?”

“Mbodze.”

Maalim alitoa sahani nyeupe ya kauri kabatini, akaipangusa kwa upindo wa kanzu yake. Akaandika kwa kijiti, kwa zafarani, mistari ya mviringo kutoka katikati kwenda ukingoni, midomo inatembea bila sauti. Mara mbili alisimama akashusha pumzi. Mwisho aliipepea ikakauka, akaifunga kwa kitambaa kikavu.

“Hii sikutia kitu,” alisema, bila kuinua uso. “Maneno tu na zafarani. Maji mtatia nyinyi wenyewe, hayo mnayoyaona nyinyi kuwa ni safi.”

Kitsao aliibeba sahani kifuani, ndani ya koti, kutoka Ndia Kuu hadi hospitali, akiruka dimbwi kwa dimbwi kama mtu aliyechukua yai. Alikuwa mtu wa Kaloleni, mambo ya kombe hakulelewa nayo. Njiani alilia kidogo, na kwa kuwa ilikuwa mvua haikumbidi ajifiche.

Wodini taa ilikuwa moja. Mbodze alikuwa amepanda kitandani kabisa, amekipakata kichwa cha mwanawe. Caroline alikichukua kikasha, akahesabu kwa kidole, akamtazama Kitsao, akatoa vidonge vinne.

“Hamezi tena,” alisema kwa sauti ya chini. “Tangu adhuhuri. Na mpira wa kupitishia dawa puani tulionao mmoja, uko kwa mtoto wa kitanda cha tatu.”

Kitsao aliifungua ile sahani. Mbodze alipoona maandishi alisogea, akaigusa ukingoni kwa kidole, akasema bismillahi.

“Imetoka kwa nani?”

“Kwa baba mmoja,” Kitsao alisema.

Alivivunja vidonge vinne kimoja kimoja kwa kucha, unga mweupe ukaanguka juu ya zafarani. Akaenda kwenye maabara yake, akaleta maji aliyoyachemsha na kuyachuja mwenyewe, yale ya kuoshea vioo. Akayamimina kidogo. Mistari ikaanza kulegea, manjano ikaingia kwenye nyeupe, na alipoizungusha sahani hakikubaki kitu cha kusomeka.

Mbodze alikiinua kichwa. Kitsao alimwekea Chonga ukingo wa sahani mdomoni, akainamisha kwa kadiri ya tone. Akangoja. Koo halikutembea. Maji yalijikusanya pembeni mwa mdomo, yakateremka shavuni kwenda kwenye mto. Kitsao akayawahi kwa kiganja chake, kiganja cha njiani, cha mvua, cha kitasa cha mlango, akayarudisha sahanini.

“Tena,” alimwambia Mbodze, na Mbodze akakiinua kichwa tena.